Karusi iko njiani, jukwaa liko wapi?

Nchini Burundi, anayetoka Gitega kwenda Muyinga hupita Karusi. Huko, karibu na mto Ruvubu, mwanzoni mwa 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua makaburi ya halaiki, na Februari ikatangaza mabaki ya watu 6,032. Nguo, miwani na rozari ndizo zilizosaidia kuwatambua baadhi yao. Mwenyekiti wa tume, Pierre Claver Ndayicariye, alikumbusha kwamba familia zilikuwa zimenyamazishwa kwa miaka 48, yaani tangu mauaji ya 1972.

Je, mambo kama haya yapandishwe jukwaani, mbele ya majirani waliokaa benchi moja? Wapo wanaokataa katakata: kidonda kikichokonolewa hutoka damu, na kazi hiyo ni ya tume na mahakama. Si hoja ya kubeza katika nchi ambayo mwaka 1993, ulioanzisha vita vya wenyewe kwa wenyewe, nao una wafu wake, na kila upande, wa Kihutu na wa Kitutsi, una orodha yake.

Lakini Warundi walishathubutu. Mwaka 1997, vita vikiwa bado vinaendelea, Studio Ijambo ilianza kurusha Umubanyi niwe muryango, mchezo wa redio wa Marie-Louise Sibazuri kuhusu familia mbili jirani, moja ya Kihutu na nyingine ya Kitutsi. Jina lenyewe lasema jirani ndiye ndugu. Redio, hata hivyo, ina huruma yake: ikikuzidi unaizima, na machozi yako hakuna anayeyaona. Kwenye mchezo wa jukwaani huna pa kujificha. Aliyekwenda na rafiki zake watatu anaona nani ameinamisha kichwa, nani amecheka pasipochekesha. Wakirudi nyumbani kwa miguu, lazima mmoja aanze kusema.

Rwanda 94, mchezo wa jukwaani wa kundi la Groupov la Ubelgiji, ulikwenda mbali zaidi. Ulichukua takriban saa sita, na mwanzoni alikaa kitini mwanamke mmoja, Yolande Mukagasana, muuguzi aliyenusurika mauaji ya kimbari. Hakuwa akiigiza, alisimulia jinsi alivyofiwa na mume na watoto wake. Mwaka 2004 onyesho hilo lilipelekwa Rwanda kwenyewe.

Gitega ni makao makuu ya kisiasa tangu 2019, lakini tamasha la tamthilia linalotajwa zaidi, Buja Sans Tabou, limebeba jina la Bujumbura. Kukosa ukumbi si kisingizio cha Gitega kutokuwa na onyesho lake. Ngoma za Gishora, jirani tu na Gitega, hupigwa uwanjani, na wakulima wa Kamiriithu, Kenya, walijijengea jukwaa la wazi mwaka 1977 wakaigiza kwa Kikuyu. Serikali ilifuta kibali baada ya wiki chache, na mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Michezo ya Kifaransa haikuwahi kumtia mkulima wa Gitega wasiwasi. Ya Kirundi itamtia, na ya Kiswahili huko Muyinga pia. Sharti mfadhili asiidai imalizike kwa ujumbe na wimbo wa amani, maana hapo watu hupiga makofi wakaenda zao.

Wapinzani wamebaki na hoja moja nzito: nani atamshika mtazamaji aliyezidiwa? Rwanda, kwenye kumbukumbu za kila Aprili, huweka watu waliofunzwa kuwahudumia wanaopatwa na mshtuko. Onyesho la Gitega nalo liwe nao, na viti vyao viwekwe karibu na mlango, kwa kuwa aliyezidiwa hutafuta mlango kwanza.