Msimfunge mama, mfungeni anayemla



Wiki iliyopita tulifungua simu kwenye redio juu ya ulizo moja: umalaya uruhusiwe na sheria, ao ukatazwe? Simu zilijaa. Mchungaji mmoja alisema tukiruhusu, laana itaingia mji wote. Kijana wa Mangobo alisema ruhusuni, serikali ilipishe kodi, barabara zitengenezwe. Mwishoni akapiga mama mmoja aliyevuka mto kutoka Lubunga mwaka 2023, wakati wa vita kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola juu ya ardhi. Hakutaja jina. Alisema sheria ya Kinshasa haijui. Anajua tu kwamba akipata franga 5,000 watoto wanakula, na kwamba akikamatwa njiani usiku anazitoa zile 5,000 ili aachwe. Kisha inite zikamwishia.

Matangazo yalifungwa, lakini maneno yake sikuweza kuyaacha studio. Ndiyo maana ninaandika.

Kwanza tujue tunabishana juu ya nini. Wengi mliopiga simu mnaamini kwamba katika Kongo mwanamke anayeuza mwili wake anapashwa kufungwa. Hapana. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006, ile inayopambana na ubakaji, haimfungi yeye. Inamfunga anayemwingiza kazini, anayefungua nyumba ya umalaya, na anayekula pesa yake. Kifungu 174b kinawapa watu hao miezi mitatu mpaka miaka mitano ya gereza, hata kama mwanamke mwenyewe alikubali. Na anayemtumia mtoto chini ya miaka 18 kwa kazi hiyo, kifungu 174n kinampa miaka mitano mpaka ishirini.

Kuna pia kifungu juu ya kufanya mambo ya aibu mbele ya watu. Sawa. Lakini kutembea saa tatu ya usiku na nguo fupi si mambo ya aibu mbele ya watu. Kukaa kwenye nganda na chupa moja si kosa. Sasa niambieni: wanaopakizwa usiku ni nani? Ni wanawake. Na wenye nyumba, wenye kuwatuma wasichana, wenye kuhesabu pesa asubuhi, mliwahi kuona mmoja wao akipelekwa mbele ya parke? Mimi, miaka yote ninayotafuta habari katika mji huu, sijamwona. Sheria tunayo, ila tumeishika kwa mkia.

Kwa yule kijana wa Mangobo anayetaka kodi, nina habari ya kale. Kodi hiyo ilikwisha kulipwa hapahapa. Wakati mji wetu ulipoitwa Stanleyville, Wabeljiji waliandikisha wanawake wasio na bwana, wakawaita "wanawake huru", na kuwatoza kodi. Kufikia mwaka 1943, mpaka asilimia 30 ya wanawake wakubwa wa mji walikuwa wameandikwa hivyo, na kodi yao ilikuwa ya pili kwa kuingizia mji pesa nyingi. Katika hesabu hiyo mjane na muuza mihogo walitiwa katika kapu moja na malaya, maadamu hawakuwa na mwanaume nyumbani. Uhuru gani huo unaonunuliwa kwa risiti? Tukianza tena kuandika majina, wa kwanza kuandikwa watakuwa wajane wa vita walio katika kambi. Na jina likishaandikwa katika mji ambamo kila mtu anamjua shangazi yako, halifutiki.

Wengine wataniambia: lakini Ubelgiji wenyewe waliondoa kazi hiyo katika sheria ya makosa mwaka 2022, na tangu Desemba 2024 wanawake hao wanaweza kuwa na mkataba wa kazi na likizo ya uzazi. Ni kweli, na siwacheki. Kule kuna mkaguzi wa kazi anayepita, na tribinali inayomsikia mwanamke. Hapa kwetu hata mwalimu wa masomo anangojea mshahara. Mkataba huo ungetiwa sahihi na nani, na ungelindwa na nani? Karatasi nzuri juu ya tumbo tupu haileti chakula.

Basi mimi nasimama wapi? Sitaki mwanamke huyu afungwe. Sitaki pia aandikwe na kulipishwa. Nataka aachwe apite, apate dawa, apate kazi nyingine akitaka, na wale wanaomla wafungwe kwa sheria ambayo iko tayari.

Wachungaji wetu, ninawaheshimu. Mimi pia ni Mkristo na nina binti. Lakini mnapomhubiri mama wa kambi siku ya Yenga, hubirini pia bwana aliyekuja kwake Posho usiku. Huyo naye anakaa kanisani, mara nyingi kwenye viti vya mbele. Njaa ya mama ina sababu. Yake ni gani?

Sasa neno kwa ninyi familia zilizokimbia, kwa sababu hapa ndipo hatari kubwa iko. Mnakumbuka Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, 2018 mpaka 2020. Watu waliokuja kutuokoa, wamoja walidai miili ya wanawake ili wawape kazi. Si uvumi wa sokoni: tume iliyoundwa na OMS yenyewe ilitoa ripoti Septemba 2021, ikataja washukiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wafanyakazi wa OMS. Kwa hiyo shikeni hili kichwani: msaada ni bure. Unga, shiti, jetoni, kuandikwa kwenye liste, vyote ni bure. Tangu 2003 Umoja wa Mataifa unawakataza wafanyakazi wake kutoa pesa, kazi ao vitu ili kupata mwili wa mtu. Anayekuomba hivyo, awe mgeni ao mkubwa wa kambi, si mfadhili. Ni mwizi.

Na kwa yule aliyelazimishwa, hata kama anafanya kazi ya usiku: kubakwa ni kubakwa. Kimbilia hospitali kabla ya saa 72, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi inapashwa kuanzwa ndani ya saa hizo. Usioge kwanza, usingojee wazee wapatanishe kwa mbuzi. Sheria ya 2006 inasema kesi ya ubakaji haimalizwi kwa kulipa faini.

Kwa wakubwa wa mji ninaomba mambo matatu tu. Liste za msaada zisishikwe na mwanaume mmoja peke yake, wanawake wa kambi wawemo. Nganda zinazoweka wasichana wa miaka 14 na 15 mlangoni zifungwe, na mwenye nganda aonekane mbele ya mwamuzi. Na anayevaa nguo ya kazi akimnyang'anya mama 5,000 usiku, aitwe kwa jina lake: mwizi.

Ubishi wa "turuhusu ao tukataze" ni mtamu kwa sisi tunaokula mara mbili kwa siku. Yule mama wa Lubunga hakutuomba ruhusa. Alisema tu anayeondoka na zile franga 5,000. Tuanzie hapo.

Mama, kama unasoma ao unasomewa, piga tena Juma Nne. Safari hii sisi ndio tutakupigia, inite ni zetu.