Paka hakuomba chokoleti, ni wewe ulimpea

Wasee, leo sina kichekesho. Niko na kosa la kukubali, alafu niko na maneno ambayo wengine wenu hamtayapenda.

Mnamjua Chapo. Paka wangu, rangi ya chapati iliyoungua upande mmoja, kilo tatu na nusu za madharau. Nusu ya watu hapa mlinifuata juu yake, si juu yangu, na hiyo tulishakubaliana.

Sasa, dadangu alipofikisha miaka 12, mathe alimpikia keki ya chokoleti. Juu akapaka krimu ya siagi na unga wa kakao, na hiyo kakao haikuwa ya kubahatisha, mathe hapendi vitu vya sukari nyingi. Mimi kama kawaida nikaona kontenti. Nikachovya kidole kwa krimu, nikampea Chapo, akalamba. Nyumba nzima ikacheka. Nikaona simu haikushika vizuri, nikasema turudie. Mara ya pili nikamwekea bakuli chini na krimu yote iliyobaki, amalize mwenyewe. Akamaliza. Saa tatu usiku nikaiweka hewani, nikalala nikiangalia namba zikipanda.

Saa tisa usiku nikaamshwa na sauti ya kutapika. Chapo alikuwa anazunguka chumba kama mtu amepoteza funguo. Anahema mdomo wazi, na kama umeishi na paka unajua paka hahemi hivyo kama mbwa. Nikamshika. Moyo ulikuwa unapiga mbio mpaka singeweza kuhesabu, na miguu ilikuwa inatetemeka. Mathe akatokea na kikombe cha maziwa, kwa sababu kwetu dawa ya sumu ni maziwa, si ndio?

Tukampigia daktari wa wanyama. Akauliza maswali manne: amekula nini, kiasi gani, saa ngapi, na ana kilo ngapi. Jibu la uhakika nililokuwa nalo ni la saa tu. Na nililijua kwa sababu liliandikwa kwa video. Maziwa akakataa: hayaondoi hiyo sumu, na paka wengi wakubwa yanawaharisha tu. Kumlazimisha kutapika kwa chumvi akakataa kabisa, akasema chumvi yenyewe inaweza kumuua. Mlete.

Nikambeba kwa katoni ya viatu. Akawekewa dripu, akapewa ule mkaa wa dawa unaofyonza sumu tumboni, akachungwa moyo mpaka Jumapili jioni. Pesa niliyokuwa nimewekea taa ya kurekodia iliishia hapo. Chapo alirudi mzima. Hiyo ni bahati, si akili yangu.

Lakini kosa ninalotaka kukubali si hilo la krimu. Ni hili: nikiwa kwa benchi nangoja kuambiwa kama paka wangu ataishi, ile video ilikuwa inaendelea kupanda, na sikuifuta. Nilijiambia nitaifuta baadaye. Ilikuwa video yangu iliyofanya vizuri kuliko zote mwaka huo. Jumatatu ndio niliifuta, na hata hiyo ni kwa sababu watu walikuwa wameanza kunijibu kwa video za paka wao. Mmoja alikuwa anamlisha kitoto cha paka, kiko kiasi cha kiganja, kipande cha chokoleti nyeusi. Chini yake ameandika kwamba ameona kwangu.

Hapo ndio nilianza kusoma.

Ndani ya kakao kuna kitu kinaitwa theobromini, pamoja na kafeini kidogo. Wewe ukila, mwili wako unaivunja na kuitoa bila shida. Mwili wa paka na wa mbwa unachelewa sana, kwa hivyo inabaki kwa damu ikisukuma moyo na mishipa ya fahamu kwa masaa mengi. Kinachofuata ni kutapika, kuharisha, kiu, kutotulia, moyo kwenda mbio, kutetemeka, na ikizidi, kifafa na kifo. Dalili zinaweza kuchelewa masaa sita mpaka kumi na mbili. Yaani unaweza kumlisha ukicheka, ukalala vizuri, alafu ukaamkia msiba.

Hesabu si ngumu. Dalili za kwanza huanza karibu miligramu 20 za theobromini kwa kila kilo ya mnyama. Paka wa kilo nne ni miligramu 80. Chokoleti ya maziwa iko na karibu miligramu 2 kwa gramu, kwa hivyo gramu 40 zinatosha. Chokoleti nyeusi iko na karibu 5 au zaidi, kwa hivyo gramu 16, vipande viwili vitatu hivi. Unga wa kakao ndio mbaya kuliko zote: unaweza kufika miligramu 20 na kupita kwa gramu moja. Hiyo ni gramu nne, vijiko viwili vya chai. Ikifika miligramu 60 kwa kilo, unaongea mambo ya kifafa. Sasa chukua hizo gramu zote, ugawanye kwa nne, ndio upate kitoto cha paka cha kilo moja.

Najua kuna mtu tayari anaandika, “Wangu alikula na yuko fiti.” Na uko sawa, inawezekana. Kulamba mara moja kidogo cha chokoleti ya maziwa mara nyingi hakutamuua paka mkubwa, na chokoleti nyeupe haina theobromini ya maana. Siko hapa kuwatisha na uongo. Lakini hilo ndilo jibu nililokuwa nalo baada ya kile kidole cha kwanza. “Ameramba, yuko sawa.” Bakuli ndilo lilifuata. Anayeangalia video haoni gramu, haoni kilo, haoni ni kakao aina gani. Anaona paka akila na watu wakicheka, basi.

Na kuna jambo moja lililonimaliza kabisa: paka hasikii utamu. Si ati hapendi, hausikii. Mwaka wa 2005 watafiti walitangaza kwamba moja ya jeni mbili zinazotengeneza kihisio cha utamu kwa ulimi wa paka imeharibika, haifanyi kazi. Hata duma, yule wa kule Mara, yuko hivyo hivyo. Chapo alikuwa analamba mafuta ya siagi. Ile chokoleti yenyewe haikumpa raha yoyote. Raha ilikuwa yangu, sumu ikawa yake.

Ndio maana nasema hili ni jambo letu, si la paka. Mbwa ataiba chokoleti mezani amalize na karatasi. Paka mara nyingi akikutana na ile ya kawaida atainusa na kuipita. Ikiingia tumboni, mara nyingi kuna mkono wa mtu uliopeleka, na siku hizi mkono wa pili umeshika simu.

Kwa hivyo ombi langu kwa wote tunaotengeneza video za wanyama: tuwache hii ya kuwalisha vyakula vyetu ndio watu wacheke. Na kama iko kwa ukurasa wako, ifute leo. Usingoje ishuke yenyewe kama mimi.

Na kama paka wako ameshakula: mwondolee iliyobaki, weka karatasi ya pakiti, kadiria amekula kiasi gani, na upige simu kwa daktari wa wanyama saa hiyo hiyo. Usingoje dalili. Usimpe maziwa, mafuta wala chumvi. Tafuta namba ya daktari leo ukiwa umetulia, uibandike karibu na kabati la vyombo. Na mjue uzito wa paka wako. Panda mizani ukimbeba, alafu panda bila yeye, toa. Dakika mbili.

Ukitaka kumfurahisha siku ya keki, mpe omena ya kuchemsha, bila chumvi na bila kitunguu, kwa sababu kitunguu pia ni sumu kwake. Chapo akisikia sufuria ya omena anakuja mbio mpaka anateleza kwa kona. Niliirekodi juzi. Imepata watazamaji wachache sana kuliko ile nyingine.

Ni sawa. Hii sitawahi kuifuta.