Mgonjwa Si Siri ya Serikali

Mwanzoni mwa 2021 Kiswahili kilipata msamiati mpya wa kufia. Watu hawakufa kwa Korona. Walifariki kwa "changamoto ya upumuaji". Neno changamoto, ambalo tulizoea kulisikia kwenye hotuba za foleni ya magari na umeme unaokatika, likapewa kazi ya kubeba jeneza. Sisi tunaoishi kwa maneno, tunaoandika na kuchambua vitabu, tulipaswa kushtuka kabla ya madaktari. Lugha ikianza kuogopa kutaja jina la kitu, jua kuna mtu anafaidika na kitu hicho kukosa jina.

Nasema haya sasa kwa sababu naona tumeshaanza kusahau. Korona imekuwa hadithi ya kuchekesha vijiweni: nyungu, barakoa, papai. Basi mimi sitacheka. Hoja yangu ni fupi. Taarifa za mgonjwa, na damu au makamasi yaliyotolewa mwilini mwake, ni amana. Aliyevichukua ana deni: avilinde, avisome, arudishe jibu. Serikali iliyofunga daftari mwaka 2020 ilikula amana, na sababu zote mbili ilizotupa, ya kutuepusha na hofu na ya kutukinga na mabeberu, hazikubaliki.

Tukumbushane kilichotokea. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa 16 Machi 2020. Takwimu za Tanzania Bara zikatolewa kwa mara ya mwisho mwishoni mwa Aprili. Ukijumlisha na za Zanzibar za siku chache baadaye, hesabu ikasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Ikabaki hapo hapo kwa zaidi ya mwaka, kama saa ya ukutani iliyokwisha betri. Tarehe 3 Mei, akiwa Chato, Rais Magufuli alieleza kwamba sampuli za mbuzi, papai na vitu vingine zilipelekwa maabara zikiwa na majina ya watu na umri wa watu, na baadhi zikatoka na majibu ya kuwa na virusi. Kesho yake mkurugenzi wa Maabara ya Taifa akasimamishwa kazi.

Nitasema jambo ambalo wapinzani wa Magufuli hawapendi kulisikia. Kuitega maabara kwa sampuli ya uongo si dhambi. Maabara makini hujaribiwa hivyo kila mara, tena bila kuambiwa. Kipimo kikikosea, unakagua mashine, unakagua vitendanishi, unapeleka sampuli zile zile maabara ya pili, halafu unawaambia wananchi umepata nini. Kinachoniuma ni kilichofuata. Mwenye duka akigundua mizani yake imeharibika, huitengeneza. Haamui kwamba kuanzia leo hakuna haja ya kupima sukari. Sisi tuliacha kupima, au tuseme tuliacha kuambiwa, na tukaitwa tushangilie.

Haya, hofu. Wanaomtetea bado wanasema: Bwana, takwimu zingewaua watu kwa presha kabla ya ugonjwa. Ni hoja ya utu, na sibezi mtu anayeitoa kwa moyo safi. Lakini itazame kutoka Tanga. Sisi na watu wa Mombasa tunaoleana na kuzikana. Ukivuka Horohoro unaingia Lunga Lunga, na salamu haibadiliki. Tarehe 16 Mei 2020 Kenya ilifunga mpaka wake na sisi isipokuwa kwa mizigo, na madereva wa malori wakatakiwa kupimwa. Sasa hapo hofu iliondoka wapi? Kilichoondoka ni maelezo. Hofu ilibaki, ikahamia kwenye simu: sauti za WhatsApp zisizo na mwenyewe, orodha za marehemu, kila mtu na daktari wake wa siri.

Na ng'ambo ya mpaka ule ule kulikuwa na mfano wa namna hofu inavyotulizwa. Watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust walioko Kilifi walichukua damu iliyokuwa imetolewa na wachangiaji wa kawaida wa benki za damu, sampuli 3,098 za kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020, wakatafuta ndani yake alama za kinga dhidi ya kirusi. Walikadiria kwamba kitaifa takribani watu 4 katika kila 100 walikuwa wameshaambukizwa, na Mombasa takribani 8. Wakati huo Kenya nzima ilikuwa imethibitisha maelfu machache tu ya wagonjwa. Maana yake nini? Kwamba ugonjwa ulikuwa umeenea kuliko ilivyotangazwa, ndiyo. Lakini pia kwamba watu wengi mno waliupata wakapona bila hata kulala hospitali. Hiyo ni habari ya kumtuliza mtu kuliko hotuba kumi. Na imetoka kwenye damu ambayo tayari ilikuwa kwenye friji. Mtu wa Tanga aliyetaka kujua hali yake ilibidi achungulie kwa jirani.

Mtu ataniambia hizo ni nchi zenye fedha za wazungu, sisi hatuna uwezo. Hapo ndipo hasira yangu inapopanda, maana mkoa huu si mgeni wa utafiti. Ni mwenyeji wake. Wajerumani walijenga kituo chao cha utafiti wa mimea na kilimo Amani, milima ya Usambara, mwaka 1902. Waingereza wakakigeuza cha malaria, na leo jina la Amani limo ndani ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR.

Muheza je? Hospitali Teule ya Muheza ilikuwa kituo cha Tanzania katika utafiti mkubwa wa watoto mahututi uliofanyika pia Kenya na Uganda, na kuchapishwa mwaka 2011. Watoto 3,141. Swali lilikuwa dogo: mtoto mwenye homa kali na mzunguko wa damu uliolegea, ukimpa dripu ya maji mengi kwa haraka, kama vitabu vilivyofundisha, unamwokoa? Jibu liliwatikisa madaktari dunia nzima. Kati ya watoto 100 waliopewa dripu ya haraka, kati ya 10 na 11 walifariki ndani ya saa 48. Kati ya 100 wasiopewa, 7. Dawa iliyoaminika ilikuwa inaua. Bila watu kukaa na karatasi kitandani, kuandika nani kapewa nini na nani kaamka kesho yake, tungeendelea kuua watoto kwa nia njema.

Na kabla ya hapo, mwaka 2004, utafiti wa hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa waliolazwa wakitibiwa malaria kali, chini ya nusu ndio walioonekana kuwa na vimelea kwenye damu. Wengine walikuwa wanaumwa kitu kingine, na kitu hicho hakikutibiwa. Tayari tulikuwa na somo letu wenyewe, la nyumbani, kwamba ukimpa mgonjwa jina lisilo lake unamnyima dawa. Miaka 16 baadaye tukarudi kule kule kwa makusudi: kila kifua "nimonia", kila kifo "changamoto".

Sasa pima hasara. Juni 2020 Waingereza walitangaza matokeo ya utafiti wao uitwao RECOVERY, uliofanywa kwa wagonjwa wa kawaida katika hospitali za umma. Waligundua kwamba deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei ndogo ambayo hata sisi tunayo, ilipunguza vifo kwa takribani theluthi moja miongoni mwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Hawakuvumbua kitu. Walihesabu tu wagonjwa wao vizuri. Sisi tulikuwa na wagonjwa pia. Wangapi walihitaji oksijeni? Wenye kisukari walipona kwa kiasi gani? Wazee wa Pangani walitofautiana na vijana wa jijini? Majibu ya maswali hayo yalilazwa wodini, yakapona au yakafa, yakaondoka nayo.

Kuna kejeli moja ambayo hata marafiki wa nyungu hawaioni. Mwaka ule tuliambiwa tujifukize. NIMR yenyewe ikatengeneza dawa ya mitishamba, NIMRCAF. Sina ugomvi na mitishamba. Bibi zetu hawakuwa wajinga. Lakini kama nyungu iliponya, ushahidi wake ungekuwa wapi kama si kwenye mafaili ya wagonjwa? Aliyejifukiza na asiyejifukiza, nani alirudi nyumbani? Kwa kufunga daftari, serikali iliwanyima wapenzi wa tiba asilia nafasi pekee ya kuinyamazisha dunia kwa hesabu. Wakabaki na imani, na kuchekwa.

Nakuja kwenye sababu ya pili, ya mabeberu, na hii siichukulii kwa wepesi. Pwani tuna neno mumiani. Kila aliyekulia Ngamiani, kama mimi, alitishwa nalo: watu wanaonyonya damu wakatengeneze dawa. Wasomi hulicheka. Mimi naliona kama malalamiko ya watu ambao kwa miaka mingi walitobolewa vidole na hawakuambiwa damu imekwenda wapi. Tanga husemwa waja leo, waondoka leo. Sampuli zetu nazo ndivyo zilivyo: zaja leo, zaondoka leo, na zikiondoka haziandiki barua.

Mfano upo. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kati ya 2009 na 2014 kwa watoto katika nchi saba za Afrika, na Korogwe ilikuwa mojawapo ya vituo. Watoto wa Korogwe walichomwa sindano, wakatolewa damu, mama zao wakahudhuria kliniki kwa miaka. Mwaka 2019 chanjo hiyo ilipoanza kutolewa kwa majaribio ya kuisambaza, ilianzia Ghana, Kenya na Malawi. Taratibu zilifuatwa, sikatai. Lakini nenda ukamweleze mama wa Korogwe. Yeye anajua alitoa nini. Anachouliza ni kilichorudi.

Basi hofu ya kunyonywa ina msingi. Ila angalia ilivyotumiwa. Badala ya kudai mikataba bora ya sampuli, majibu yarudi kijijini na maabara zetu zipate uwezo, tuliambiwa tusipime kabisa. Yaani jirani akiniibia kuku, dawa ni kuchoma banda? Julai 2020 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizokataza kuchapisha habari za mlipuko wa ugonjwa bila kibali cha mamlaka. Beberu hakufungwa mdomo na kanuni hizo. Aliyefungwa ni nesi, mwandishi, na mtoto aliyetaka kujua baba yake kafa na nini.

Na asiniambie mtu kwamba wakati wa janga hakuna nafasi ya kumwomba mgonjwa ridhaa. Katika utafiti ule wa Muheza na wenzake, pale mtoto alipokuwa hatarini, mzazi aliombwa kwanza kwa mdomo, kwa maneno machache, na mtoto alipotulia akaelezwa yote na kuombwa tena. Inawezekana. Inataka heshima tu, na Kiswahili kinachoeleweka badala ya fomu iliyotafsiriwa kama mkataba wa kuuza kiwanja.

Ninachodai si kikubwa. Wizara itoe takwimu za mlipuko kwa ratiba iliyoandikwa kwenye sheria, isiyotegemea nani yuko Ikulu. Tulipata bahati mwaka 2021: kamati ya wataalamu aliyoiunda Rais Samia ilishauri takwimu zianze kutolewa tena, na mwisho wa Julai chanjo ikazinduliwa. Vizuri. Lakini lililokuja kwa kubadilika rais linaweza kuondoka kwa kubadilika rais. Pili, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imlinde mgonjwa asianikwe jina lake, isigeuzwe pazia la kuficha hesabu ya jumla. Jina langu ni siri yangu. Idadi yetu si siri ya mtu. Tatu, kila sampuli inayotoka mkoani iwe na jibu linalorudi mkoani, kwa lugha ya mkoa, hata kama jibu lenyewe ni "hatukupata kitu".

Mwana wa Tanga, Shaaban Robert, aliandika Kusadikika, riwaya ya nchi iliyotuma wajumbe sita pande zote kutafuta maarifa. Kila mmoja aliporudi na alichokiona, malipo yake yalikuwa kifungo. Tunaifundisha shuleni, tunawauliza wanafunzi maudhui na dhamira, wanajibu, wanapata alama. Mwaka 2020 kila mgonjwa aliyelala wodini alikuwa mjumbe wa namna ile. Alikuwa amekwenda mahali ambapo sisi wazima hatujafika, na mwilini mwake alibeba habari za huko. Tulimpokea, tukachukua alichobeba, tukakifungia kabatini. Kabati hilo lifunguliwe, na waliofiwa waambiwe jina la kilichowaulia watu wao.