Mlima Upimwe kwa Mguu wa Mtoto

Mtoto anayekulia Sigino, hapa Babati, huufahamu mlima Kwaraha kwa macho kabla hajajua kuandika jina lake. Huuona ukivaa wingu asubuhi, huwasikia wakubwa wakiutazama na kukisia mvua, kisha humaliza darasa la saba bila mzazi kumshika mkono na kumpeleka huko juu. Kufunga mizigo, kubeba chakula na kulala mlimani pamoja na watoto tumekufanya kuwa mambo ya wageni wanaopitia Arusha kwenda Kilimanjaro. Naona tumekosea, na nawasihi wazazi wenzangu tujirekebishe. Lakini nasaha yangu ina sharti, nalo ndilo lililonishikisha kalamu: anayempeleka mtoto mlimani aupime mlima kwa mguu wa mtoto, wala si kwa hamu yake mwenyewe ya kufika kileleni.

Tuanze na mwili. Mji wa Babati uko mita 1,350 hivi juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Kwaraha ni mita 2,415. Cha Hanang, kule Katesh, kinakaribia mita 3,420. Kuanzia mita 2,500 hivi hewa huwa nyepesi kiasi cha kuweza kumuumiza mtu kichwa, kumtia kichefuchefu na kumnyima usingizi. Mtu mzima atasema kichwa kinamgonga. Mtoto wa miaka 3 hana maneno hayo. Atalia pasipo sababu ya kuonekana, atausukuma uji anaoupenda, ataacha kucheza. Na mzazi mwenye haraka atasema mtoto leo anadeka. Kumbe huenda anaumwa, na tiba ya kwanza ya ugonjwa huo ni kuteremka. Baridi nayo ina hila yake. Kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto kwa nyuzi 6 hivi, kwa hiyo kati ya Babati na kilele cha Hanang pana tofauti ya nyuzi 12 au zaidi. Mama aliyembeba mtoto kwa mbeleko anapanda huku jasho linamtoka, anahisi joto, anadhani na mtoto analo. Mtoto hatembei. Mwili wake mdogo hupoteza joto upesi, na vidole vya miguu vinaning'inia nje ya kitenge, upepo unavipiga. Kila mnapopumzika, mvueni soksi mvishike vidole vyake kwa mkono. Uso wa mtoto aliyelala hautawaambia kitu.

Wapo watakaonijibu kwamba mwaka 2018 msichana wa miaka 7 kutoka Marekani alifika kilele cha Uhuru, mita 5,895. Ni kweli, alifika. Lakini alikwenda kwa kibali cha pekee, maana kanuni ya Kilimanjaro ni kwamba aliye chini ya miaka 10 haendi kileleni. Habari ya mmoja aliyefika huenea dunia nzima; wale walioteremshwa usiku wakitapika hakuna anayewatangaza. Kanuni ile imewekwa kwa ajili yao, na mzazi wa Babati anayeutazama Hanang angefanya vyema kuichukua kama yake, ingawa Hanang ni mfupi. Safari ya Hanang kwa kawaida humchukua mtu mzima siku nzima kwenda na kurudi, na maji hubebwa kutoka chini. Hiyo si safari ya mtoto wa chekechea.

Wengine watasema watoto wetu hupanda vilima kila siku wakichunga mbuzi na kutafuta kuni, basi watajifunza nini kipya? Hoja hii ni nzito kuliko ile ya kwanza. Ila mtoto aliye machungani macho yake yako kwa mbuzi, na mzazi hayupo. Akitembea na baba na mama bila kutumwa, anapata muda wa kuuliza, na mtu wa kumjibu. Mti anaouulizia una jina kwa Kigorowa, kwa Kiiraqw, kwa Kibarabaig. Jina lisipotajwa mbele ya mti wenyewe, shuleni halitatajwa. Ataona pia kwa macho yake jinsi ukungu unavyonaswa na majani na kudondoka matone hadi udongo ukalowa, siku ambayo mvua haikunyesha. Akikua, hatahitaji kubembelezwa asiuchome msitu wa mlima huo. Gharama ni neno dogo: viazi vitamu, chupa ya chai, sweta na turubai vimo majumbani mwetu.

Iko hofu moja nisiyoweza kuipita. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Hanang vikaifunika sehemu ya Katesh, wakafa watu zaidi ya 80. Ni nani atamlaumu mzazi anayeogopa mlima baada ya hapo? Simlaumu. Namwomba tu atazame kalenda. Likizo ya Desemba huangukia kwenye mvua. Ya Juni huangukia kiangazi, njia zimekauka na mawingu ni machache, japo usiku ni wa baridi kali. Basi nendeni Juni. Pateni ruhusa kwa watu wa misitu, mchukue mwenyeji anayejua njia, kwa sababu msituni mna wanyama. Safari ya kwanza iwe ya miteremko ya chini ya Kwaraha, ya kulala nyumbani. Ya kulala kwenye hema ifuate mwaka mwingine, mtoto akiwa ameshaizoea njia. Aongoze yeye, wakubwa wafuate nyuma. Na pale atakapoketi katikati ya njia akaanza kupanga vijiwe, hata kama ni saa nne ya asubuhi na kilele bado kiko mbali, tandikeni shuka papo hapo mmimine chai.