Kwa nini mzazi ajue kijito kina maji kiasi gani

Ikifika Septemba, bomba la kijiji huanza kukohoa. Linatoa upepo, linatema maji kidogo, halafu linanyamaza. Ndoo zimepangwa foleni tangu alfajiri. Mama mwenye mtoto mgongoni anapiga hesabu: asubiri hapo, au ateremke bondeni akachote kwenye dimbwi ambalo ng'ombe nao wanalinywea?

Mazungumzo ya foleni huwa mafupi.

"Kamwene, shangazi. Maji yapo?"

"Kamwene. Yapo, lakini yanadondoka kama machozi."

Wilayani Wanging'ombe, mkoani Njombe, hali hii si ngeni, hasa kwa vijiji vya ukanda wa chini ambako mvua ni chache kuliko milimani. Miaka ya 1980, mradi mkubwa wa maji ya mserereko uliosaidiwa na UNICEF ulipeleka maji ya bomba katika vijiji vingi vya eneo hili bila kutumia pampu. Maji hutoka kwenye vijito vya milimani na kuteremka yenyewe hadi kijijini. Uzuri wake ni kwamba hayahitaji umeme wala dizeli. Udhaifu wake ni kwamba kijito kikipungua, bomba nalo hupungua.

Kinachosahaulika ni kwamba kijito hakipungui siku ile bomba linapokohoa. Mvua huisha Aprili au Mei. Kuanzia hapo, kijito huishi kwa maji yaliyohifadhiwa ardhini na kwenye chemchemi, na hushuka kidogo kidogo kila wiki. Anayepima huiona shida ya Septemba tangu Julai. Asiyepima hukutana nayo kwenye foleni.

Kupima si kazi ya wataalamu peke yao

Kwenye mito mikubwa, Bodi ya Maji Bonde la Rufiji ina vituo vya kupimia maji. Mto Mbarali, unaopokea maji ya milima ya Kipengere, una kituo pale Igawa, kando ya barabara ya Makambako kwenda Mbeya. Kwenye kituo cha aina hiyo husimikwa ubao wenye alama za sentimita, na msomaji huandika kina cha maji kila siku. Wataalamu huja kwa nyakati tofauti kupima kasi na upana wa mto, kisha hupata uhusiano kati ya kina na wingi wa maji. Baada ya hapo, sentimita chache kwenye daftari zinatosha kueleza ni lita ngapi zinapita kila sekunde.

Kijito kidogo hakihitaji hata ubao. Kamati ya maji ikiwa na ndoo ya lita 20, kipande cha bomba na simu yenye saa ya sekunde, inaweza kupima. Maji huzibwa kwa mawe na udongo ili yote yapite kwenye bomba, ndoo inakingwa, na sekunde zinahesabiwa hadi ijae. Zoezi hurudiwa mara tatu na kuchukuliwa wastani, kisha kizuizi kinaondolewa.

Mfano huu unaonyesha uzito wa jambo. Tuseme Juni ndoo inajaa kwa sekunde 10. Hizo ni lita 2 kwa sekunde, sawa na lita 172,800 kwa siku. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka kila mwananchi wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku. Maji hayo yanatosha watu zaidi ya 6,900. Septemba, ndoo ileile inajaa kwa sekunde 25. Sasa ni lita 69,120 kwa siku, zinazotosha watu wapatao 2,760. Watu zaidi ya 4,000 hawana fungu lao, na hapo maji yote yameingizwa bombani, kijito hakikubakiziwa hata tone.

Kinachokatwa kwanza nyumbani

Familia ikipungukiwa maji, haiachi kupika wala kunywa. Huacha kunawa. Mikono ya mtoto anayetoka chooni hupanguswa kwenye nguo. Sahani husuuzwa kwa maji yaliyokwisha kutumika. Nepi hufuliwa kwa maji kidogo, na anayeifua huenda moja kwa moja kumlisha mtoto. Ndipo kuhara kunapoingia, hata kama maji ya kunywa yenyewe ni safi.

Dimbwi la bondeni huongeza hatari nyingine. Maji yanapokuwa machache na yametulia, kinyesi cha mifugo na cha watu hakipati maji ya kutosha ya kukisambaza. Ndoo moja ya dimbwi mwezi Oktoba inaweza kubeba uchafu mwingi kuliko ndoo ya kijito kilekile mwezi Mei.

Halafu zinakuja mvua za kwanza, Novemba au Desemba, na kila mtu anashukuru. Lakini mvua hizo husomba uchafu wote uliokaa juu ya ardhi kwa miezi sita na kuuingiza kijitoni kwa saa chache. Kina kinapanda ghafla, maji yanakuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Kwa mtoto, siku hiyo si salama kuliko siku ya ukame. Tope hupunguza nguvu ya dawa ya kutibu maji, kwa hiyo kidonge pekee hakitoshi. Anayesoma kipimo cha kijito anaweza kumwambia fundi afunge kwa muda mlango wa kuingizia maji, na kuwaambia kina mama wasichote hadi maji yatulie.

Mzazi afanye nini

Kijito kikionekana kushuka, familia ianze kubana mapema: maji ya kuoshea mboga yamwagiwe bustani, na maji ya kunawa yatengwe kwenye dumu la kibuyu chirizi ili yasiishe yote jikoni. Kunawa kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kulisha mtoto ndiko kuwe kwa mwisho kukatwa.

Maji yakiwa na tope, yaachwe yatulie, yachujwe kwa kitambaa safi, ndipo yachemshwe. Yakishatokota kwa mapovu makubwa, dakika 1 inatosha. Kwa wanaoishi juu sana, kuanzia mita 2,000, ni dakika 3, kwa kuwa huko maji huchemka kabla ya kupata joto lote. Mtoto aliye chini ya miezi 6 hahitaji maji kabisa. Maziwa ya mama yanamtosha, hata wakati wa kiangazi.

Mtoto akihara, apewe maji ya ORS na aendelee kunyonya na kula. Pakiti ikikosekana, lita 1 ya maji safi ichanganywe na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kituoni atapewa pia zinki ya siku 10 hadi 14. Akiwa na macho yaliyozama, akilegea, akishindwa kunywa au akitoa damu kwenye choo, asisubiriwe kukuche.

Na wasikatazwe watoto kupenda kijito, ila wasipime peke yao, na wasivuke mvua ikinyesha milimani. Maji hufika chini jua likiwa bado linawaka.

Namba hupunguza ugomvi

Maji ya bombani yana washirika. Kiangazi, familia nyingi hulima vinyungu bondeni, zikipata mboga, maharage na mahindi mabichi. Mboga hizo nazo ni afya ya mtoto, na ada ya shule. Juu zaidi kuna milingoti iliyopandwa hadi kwenye chemchemi, nayo hunywa sana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, na vijiji vingi hushauriwa kupanda mivengi badala ya milingoti.

Bila kipimo, kikao cha watumia maji huwa cha kulaumiana: wa juu wanasema maji yapo, wa chini wanasema yameibwa. Daftari likiwa mezani, swali linabadilika. Kijito kinatoa lita ngapi leo? Ngapi ziende bombani, ngapi vinyunguni, ngapi ziachwe ziteremke?

Hizo zinazoachwa zina safari ndefu. Kupitia Mbarali hufika bonde la Usangu na Ruaha Mkuu, kisha Mtera na Kidatu zinakozalisha umeme. Tangu mwaka 1993, Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa Ruaha, na jambo hilo linajulikana kwa tarehe na kwa idadi ya siku kwa sababu kuna waliokuwa wakipima na kuandika.

Kijijini inatosha kuanza na ndoo moja na daftari la shule, mara moja kwa wiki, siku ileile, mahali palepale. Ndoo ikianza kuchelewa kujaa, mzazi atakuwa na wiki kadhaa za kujipanga kabla bomba halijakohoa.