Ukikata gita la mzee, andika jina lake

Mwaka juzi karo ilinishinda nikaacha chuo. Nilirudi Wote na laptopu ya mkopo, nikajipa kazi ya kutengeneza biti. Siku moja nikapitia santuri ambazo mjomba wangu wa Kitui amezihifadhi tangu ujana wake. Katika wimbo mmoja wa benga ya Kikamba nikakata sekunde nne za gita. Nikazizungusha, nikaongeza besi na ngoma nzito, rafiki yangu akachana juu yake, tukaupandisha mtandaoni. Kwenye sehemu ya majina nikaandika jina langu na la rafiki yangu, basi.

Wimbo ulishika kiasi. Makanga wa matatu za Wote kwenda Emali waliucheza, nami nikajiona mkali kweli kweli. Disemba nikampelekea mjomba. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: "Na mwenye gita ameambiwa?"

Mazee, nilidhani mwenye gita alishakufa! Kumbe yuko hai, anafuga mbuzi vilima viwili kutoka kwa mjomba.

Ndiyo maana leo naongea na wewe, prodyuza wa Kitui, Mwingi, Wote au Kibwezi, unayekata vipande vya nyimbo za zamani chumbani kwako. Sikuambii uache. Nakuambia usifanye nilivyofanya mimi.

Wazee wengi husema kuchukua sampuli ni uvivu, ati vijana wa siku hizi hawana ubunifu. Hapo sikubaliani nao. Benga wanayoililia haikuota Ukambani. Ilianza kwa Waluo, wapiga gita walipohamishia ufundi wa nyatiti kwenye nyuzi za gita, na muziki kutoka Kongo nao ukachangia. Wakamba wakaipokea, wakaipa mwendo wao na lugha yao. Kakai Kilonzo akavuma na Kilimambogo Brothers. Kalambya Sisters wakaja na Katelina na zile sauti zao nyembamba, na mpaka leo ukiusikia wimbo huo harusini lazima kiti kikuchome. Nani atasema hao waliiba?

Lakini tuelewane. Kakai hakukata rekodi ya mtu akaibandika kwenye yake. Alijifunza mtindo, akaketi na gita, akapiga mwenyewe. Mtindo hauna mwenyewe. Rekodi inaye. Wewe na mimi tunapokata sekunde nne, tunachukua vidole vya mtu fulani, vya siku fulani, ndani ya studio iliyolipiwa na mtu fulani. Kazi hiyo ina jina.

Tazama kisa cha Kothbiro, yaani "mvua inakuja" kwa Kijaluo. Wimbo huo ulirekodiwa miaka ya 1970 na Black Savage, bendi ya roki ya Nairobi ambayo vijana wengi wa rika letu hawajawahi kuisikia. Baadaye Ayub Ogada, aliyekuwa katika bendi hiyo, aliurekodi upya kwa nyatiti kwenye albamu yake ya 1993. Mwaka wa 2018 Kanye West akachukua rekodi ile ya zamani ya Black Savage, akaijengea wimbo wake Yikes. Ukiangalia orodha ya watunzi wa Yikes, utakuta majina ya James Mbarack Achieng na Ayub Ogada. Ogada aliaga dunia Februari 2019, wakati jina lake lilikuwa limeshaandikwa pale.

Na si sisi tu. Mwaka wa 2024 Tyler, the Creator alitoa Noid, wimbo uliojengwa juu ya gita la Ngozi Family, bendi ya roki ya Zambia ya miaka ya 1970. Wamarekani wanachimba santuri za Afrika kama watu wanaotafuta dhahabu.

Sasa jiulize. Msanii wa Marekani, asiyejua Kisumu iko wapi, anaandika jina la Mjaluo aliyetunga wimbo. Mimi niliyezaliwa Makueni nikashindwa kuandika jina la mzee wa Kitui, na tunaongea lugha moja! Najua utaniambia Kanye ana mawakili na anaogopa kesi. Sawa. Kwa hivyo sisi tunasubiri mpaka tuogope?

Kuna ile hadithi ya studio kwamba ukichukua chini ya sekunde saba hakuna shida. Ni uongo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 haina mahali inaposema sekunde kadhaa ni za bure. Inalinda vitu viwili tofauti. Kwanza ni utunzi, ambao hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kakai alifariki 1987, kwa hivyo nyimbo alizotunga peke yake zina ulinzi hadi mwisho wa 2037. Pili ni rekodi yenyewe, ambayo hulindwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Tena wenye haki hizo wanaweza kuwa watu wawili: mtunzi yuko kijijini, na rekodi ni ya mfanyabiashara aliyelipia studio River Road.

Utasema huna pesa za kulipa. Hata mimi sina. Ila kuandika jina hakulipiwi, na kuuliza pia. Soma karatasi iliyo katikati ya santuri: mara nyingi ina jina la bendi na la mtunzi. Piga simu kwa watangazaji wa Musyi FM au Mbaitu FM, kwa sababu wanawajua wazee hawa. Uliza Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Mkielewana, andikeni mgao kwenye karatasi kabla wimbo haujatoka. Asilimia 30 ya wimbo ambao haujaingiza kitu haikuumizi leo, na kesho ukiingiza hamtagombana. Kama mwenye rekodi hapatikani, pigeni kipande hicho upya. Hapo utabaki na ruhusa moja tu ya kutafuta, ya mtunzi.

Mimi niliushusha wimbo wangu. Januari nikaenda na mjomba mpaka kwa yule mzee, nikamchezea kwenye simu. Hakukasirika. Alicheka, akasema gita lake nimelikimbiza kama mbuzi aliyeona fisi. Halafu akanitajia wenzake wa bendi mmoja mmoja, wawili wameshafariki, akataka majina yao yawepo. Wimbo alikuwa ameutunga yeye. Mwenye rekodi hakumkumbuka, kwa hivyo nikaazima gita la kanisa akapiga upya, nami nikamrekodi sebuleni kwake huku kuku wakipita. Vidole vimekuwa vizito, na hakupiga sawasawa na zamani. Aliongeza kitu pale mwishoni ambacho hakimo kwenye santuri, na hicho ndicho nilichokitumia.

Toleo jipya lina majina saba. Kwa sasa halijalipa hata nauli ya kurudi Kitui, na karatasi tuliyoandikiana mgao imekunjwa ndani ya Biblia ya mjomba.

Miaka 30 ijayo mtoto fulani ataikata biti yako. Utataka akutafute? Basi anza leo na mzee wako, maana wengine hawatakuwepo mwakani.