GOBORE LA NGEDERE SASA LAELEKEZWA KWA WATU

Ndugu zetu wa Sengerema, leo tusemezane bila kufichana. Katika vijiji vingi vya nchi yetu yupo fundi ajulikanaye na kila mtu. Mchana hufua majembe na visu. Usiku mtu humwendea na kipande cha bomba, akatoka na gobore. Jirani aona, balozi asikia, na wote twanyamaza. Sisi twasema kunyamaza huko kumetosha.

Wako wanaosema sheria za bunduki ni mambo ya wakoloni. Neno hilo lina kweli ndani yake. Mwaka 1890 wakubwa wa Ulaya walitia sahihi mapatano huko Brussels, kwamba bunduki za kisasa zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, isipokuwa kwa watumishi wao na wale waliowaruhusu. Mwafrika aliachiwa gobore la kushindilia, tena kwa masharti. Mwaka 1905 wazee wetu wa Majimaji wakasimama na mikuki na magobore mbele ya bombomu za Wajerumani. Sheria ile ilitungwa kusudi tutawaliwe.

Lakini sheria ya kudhibiti silaha ya mwaka 2015 tumeitunga wenyewe Bungeni, badala ya ile ya mwaka 1991. Inakataza mtu kutengeneza silaha au kuigeuza pasipo kibali. Je, yamlinda nani? Halindwi Gavana, maana Gavana alikwisha kwenda zake. Yamlinda mvuvi alalaye ziwani na karabai zake, na mama mwenye duka aliyeuza pamba jana na fedha zimo ndani.

Wasukuma hawahitaji kufundishwa jambo hili. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bunduki zilizosalia ziliingia mikononi mwa wezi wa ng'ombe. Watu walikufa kwa mali yao wenyewe. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1980 Sungusungu wakainuka kwa upinde na mshale, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Je, kazi yote ile ilifanywa kusudi leo tuwafulie wanyang'anyi silaha katika viwanja vyetu wenyewe?

Wala si sisi peke yetu tulio na shida hii. Marekani, nchi yenye bunduki nyingi kuliko zote, imeona bastola za dukani zikitiwa kipande kidogo cha chuma au plastiki na kugeuka bombomu ya mfukoni. Basi Oktoba 2025 jimbo la California liliweka sheria ya kuwazuia wenye maduka kuuza bastola zinazogeuzwa kwa urahisi hivyo, kuanzia tarehe 1 Julai 2026. Wao wameanza kumwuliza muuzaji, hawakungoja mpaka risasi itoke. Na bastola ile angalau ina namba. Gobore halina namba wala jina la mwenyewe. Likiua mtu Buchosa leo, kesho laweza kuwa ng'ambo, maana tangu Juni 2025 daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa na hakuna tena kungoja kivuko.

Mkulima atatuuliza: "Nanyi mwataka mihogo yangu iliwe na ngedere na nguruwe, na kiboko atoke ziwani akanyage mpunga?" Swali lake ni la haki, na hatutamjibu kwa dharau. Mtu hawezi kunyang'anywa gobore akaachwa na shamba tupu. Lakini gobore hilo hilo hupasuka likamkata mwenyewe vidole, na siku akilikosa kwenye paa hajui limeazimwa na nani. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Hivyo basi twataka mambo matatu. Kwanza, watu wa wanyamapori waitwapo na mwanakijiji waje upesi, wasije baada ya mavuno. Pili, Serikali izidi kutoa msamaha kama ule wa Septemba na Oktoba 2023, ambapo mwenye silaha haramu aliisalimisha kwa hiari pasipo kushitakiwa; na habari hizo zifike visiwani Kome na Maisome, zisiishie mjini. Tatu, fundi asihesabiwe kuwa adui. Mkono unaojua kufua gobore wajua kutengeneza plau na mkokoteni. Apewe kazi hiyo, apewe na mkopo. Akikataa na kurudia kazi ya usiku, hapo sheria imshike yeye kwanza, kabla ya mkulima maskini.

Nasi wanachama tuna fungu letu. Mkutano wa kijiji ukikaa, neno hili lisemwe mbele ya watu wote, na wa kwanza kulitoa gobore lake darini awe kiongozi. Kikulacho ki nguoni mwako.